Siku Niliyokataa Kusindikizwa

Tulikuwa wanne barazani. Mimi Kalunde binti Sudi, mgeni, na mkoba wangu wa vidonge begani. Nyamizi binti Maganga, mke wa Rashidi fundi seremala, ndiye niliyekuwa nimemfuata. Bi Tatu, mama yake Rashidi, mkwe wa Nyamizi. Mimi na yeye tulisoma chuo kimoja cha Kurani tungali watoto, tukachapwa fimbo moja. Wa nne ni Mwashi, binti wa mwisho wa Bi Tatu, wifi yake Nyamizi, aliyekaa kizingitini akimenya karanga. Rashidi alikuwa nyuma ya nyumba, randa yake ikisikika kwenye mninga, lakini hakuwa nasi na sitamhesabu. Watoto wa Nyamizi, Hadija na Zuhura, walikuwa shule.

Nimeanza na majina kwa sababu ninyi mliopokea mkoba wangu mmeniomba niwaandikie kazi ilikuwaje, na mimi kazi yangu yote niliibeba kwa majina. Nilisoma mpaka darasa la nne. Kuandika naandika, ila polepole, na herufi zangu huwa zinagombana. Mjukuu wangu amenisaidia kuzipatanisha. Habari za posho sitaziweka humu. Mtazijua wenyewe, na hazitawachukua muda.

Nilianza kazi nikiwa mjane mwenye nguvu. Aliyenifundisha ni Mama Veneranda, muuguzi wa zahanati yetu pale Ng'ambo, mwanamke mnene, mpole, aliyetembea kana kwamba hana haraka na bado anakuacha nyuma. Siku ya kwanza alinipa mkoba, daftari, na kadi ya maswali yenye picha: kichwa kwa anayeumwa kichwa kikali, titi kwa mwenye uvimbe, mguu kwa mwenye damu iliyoganda, moyo kwa mwenye presha. Ukigusa picha na mama akasema ndiyo, humpi vidonge, unampeleka zahanati. Nikaiweka kadi kichwani kwa siku mbili. Daftari ndilo lililonishinda. Mama Veneranda akaniambia, "Jina utalikumbuka. Humo weka alama tu." Basi nikaweka alama. Duara ni vidonge. Mstari ni sindano, nimempeleka. Mstari na kofia juu ni kijiti cha mkononi. Nukta ni mtu asiye na haja kwa sasa.

Nyumba ya kwanza aliyonipeleka ilikuwa ya mke wa fundi bati, Sharifa. Nikaketi barazani, nikatoa kadi, nikamuuliza maswali yote mbele ya mkwe wake na mawifi wawili. Sharifa akajibu vizuri sana. Hana presha, haumwi kichwa, hana lolote, na tena hataki vidonge, anataka watoto kumi. Nikaweka nukta, nikaridhika. Tulipoaga, Mama Veneranda akasema kwa sauti, "Sharifa, hutusindikizi?" Sharifa akajifunga khanga akatoka nasi. Tulipofika kwenye kona, mbali na baraza, alimshika Mama Veneranda mkono akasema, "Mama, kichwa kinanipasuka kila siku, na nikizaa tena mwaka huu nitakufa."

Tulipobaki wawili Mama Veneranda akanitazama. "Umeona? Barazani wanamjibu mkwe. Wewe barazani salimia, pokea maji, cheka. Swali la kweli lisubiri kusindikizwa. Hakuna mkwe hapa mjini atakayemzuia mke wa mwanawe asimsindikize mgeni. Ni aibu. Nasi tunapita kwenye aibu hiyo hiyo."

Hiyo ndiyo kazi yote, wanangu. Mengine ni vidonge. Miaka yangu yote niliifanyia njiani, kati ya baraza na kona, hatua hamsini, hatua mia. Nimeambiwa mambo pale kwenye kona ambayo sijamwambia mtu na sitayaandika. Wanawake walinipa jina la Mpagazi, kwa kuwa babu zetu hapa ndio waliobeba mizigo ya misafara kwenda pwani na kurudi, nami nazunguka na mzigo begani sina mwisho wa safari. Bi Tatu ndiye aliyeanzisha. Kila akiniona, "Mpagazi, leo umebeba pembe au chumvi?" Nami humjibu, "Nimebeba dawa ya kuzuia watu kama wewe wasizidi duniani." Alikuwa mtu wa utani, Mungu amrehemu.

Mama Veneranda alipostaafu alikuja Nesi Speransia, mtoto wa Ulyankulu, wa wale ambao wazee wao walitoka Burundi. Alikuwa kijana, Mkristo wa kanisani kila Jumapili, mkali wa usafi, na mikono yake ilijaa sugu za jembe. Kwanza sikumpenda. Aliniambia nivue viatu nje. Baadaye nikampenda.

Sasa Nyamizi. Alikuja Ng'ambo kuolewa kutoka Ntalikwa, kwa wakulima, msichana mrefu, mchapakazi, mwenye kucheka kwa mabega. Alimzaa Hadija bila shida. Mimba ya Zuhura presha ilimpanda, akavimba, akalazwa, wakatoka wote wawili salama. Mwaka uliofuata alinitaka vidonge. Njiani nilimuuliza presha, akasema iliisha alipojifungua. Nikampa. Nikaweka duara.

Miaka ikapita, watoto wakaanza shule, kisha nikaona uso wake umejaa. Asubuhi mashavu yamevimba na macho madogo. Hapa kwetu mwanamke akijaa uso tunampongeza, tunasema ametunzwa. Mimi nikamwambia, "Nyamizi, umenawiri. Vidonge vimekukubali." Akacheka kwa mabega. Bi Tatu naye akasema, "Seremala anajua kulisha." Tulikuwa tunampongeza kwa maji ambayo figo zake zilishindwa kuyatoa. Hilo kosa langu la kwanza.

Zilipopita wiki chache alianguka kisimani. Hospitali kubwa wakampima mkojo na damu, wakamwambia figo zimechoka, zote mbili, na hazitarudi kama zamani, itunzwe nguvu iliyobaki. Wakampa dawa za presha, wakamkataza chumvi nyingi, wakamwambia na mimba asibebe mpaka daktari aseme.

Aliniambia haya njiani, kwenye kona, kwa muuza mkaa. Nikampeleka kwa Speransia siku ile ile. Speransia akampima presha, akaangalia paketi ya vidonge niliyompa, akaiweka kando taratibu.

"Hivi vya mchanganyiko basi, dada. Vinaweza kupandisha presha, na kwa mwenye ugonjwa wa figo damu ina njia ya kuganda. Bibi hakujua. Wala wewe hukujua. Tangu leo basi."

"Sasa nizae?" Nyamizi akauliza.

"Usizae kwanza. Mimba inazibebesha figo kazi ya watu wawili, na zako hazitoshi hata kwa mmoja. Tena dawa yako hii ya presha ni mbaya kwa mtoto tumboni. Kwa hiyo uzazi wa mpango kwako si wa kupanga familia tu, ni dawa yako ya kwanza."

Akamwekea mezani vitu vyenyewe. Kijiti cha mkononi, hakina kile kichocheo kinachosumbua presha. Kitanzi, kinakaa kwenye mfuko wa uzazi, hakigusi figo. Vidonge vya aina ya pili, vya kichocheo kimoja, ila lazima saa ile ile kila siku. Sindano akasema tumwulize daktari wa figo kwanza, kwa sababu ya mifupa na uzito. Mipira ya kiume, ambayo ni ya kushikilia tu wakati tunasubiri. Na mwisho akasema, "Au mumeo afungwe mirija ya uzazi. Kwake ni kazi ya asubuhi moja." Rashidi, aliyekuwa ametufuata na kuketi mlangoni, kofia magotini, akasema, "Nitafikiri, nesi." Sikuwahi kumwona mwanamume wa Ng'ambo akijibu hivyo. Wengine husimama wakatoka.

Nyamizi akachagua kijiti. Nilimuuliza kwa nini, akasema, "Bibi, nitakuwa nakigusa mwenyewe kwa kidole. Nikiamka nitakigusa, nijue kipo. Vitu vingine vyote mwilini mwangu sasa naambiwa na watu wa maabara."

Daktari wa figo akakubali kijiti. Siku iliyopangwa tukakuta presha yake imepanda mno, akalazwa palepale. Alikaa hospitali siku nyingi. Alipotoka alikuwa mwepesi kama fito, miguu tu ndiyo mizito. Speransia akaniita. "Bibi, siku ya Nyamizi ilipita. Nenda kamkumbushe. Alhamisi hii aje. Hata kama amechoka, aje, nitamwekea akiwa amelala."

Nikaenda kumkumbusha. Ndiyo siku ile ya watu wanne barazani.

"Shikamoo, Bibi Mpagazi."

"Marahaba, mwanangu. Mwili?"

"Mwili ndio huu, unaniburuza."

Bi Tatu akanitania na pembe zake na chumvi zake, nami nikamjibu. Mwashi akanipa karanga kiganjani. Nikasema jambo la Alhamisi kijuujuu tu, kama salamu za zahanati, nikijua maneno yenyewe tutayasema njiani. Nikanyanyuka.

Nyamizi akashika nguzo ya baraza ili asimame. "Bibi, nikusindikize."

Nikatazama miguu yake. Ilikuwa imejaa mpaka vifundo havionekani, ngozi inang'aa. Kanda za viatu zilikuwa zimeacha mifereji.

"Kaa," nikamwambia.

"Nitakufikisha pale kwa muuza mkaa tu."

"Kaa, mwanangu. Miguu hiyo si ya kusindikiza mtu. Siku nyingine."

Nilimhurumia. Naomba mlielewe hilo, mimi nimelielewa mara nyingi na halijanisaidia. Miaka yote ile sikukataa kusindikizwa hata siku moja, hata na mwenye mimba ya miezi tisa, kwa kuwa nilijua ile si adabu tu, ni mlango. Siku hiyo niliufunga kwa huruma.

Akakaa. Akatazama chini, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Basi nikuulize hapa hapa. Miezi minne sijaona siku zangu. Hicho kijiti cha Alhamisi bado kina kazi kwangu?"

Bi Tatu akadakia kabla yangu. "Kazi gani tena? Mtoto ametobolewa mikono yote. Si amekauka huyo? Muacheni apumue." Alisema kwa uchungu, si kwa ubaya. Ndiye aliyekuwa akimwogesha.

Mwashi aliacha kumenya. Wote watatu wakanitazama mimi, mwenye mkoba.

Mimi nilikuwa na msemo wangu. Wanawake wazima, waliokoma hedhi miaka, walikuwa wakiniuliza kama waendelee na vidonge, nami nawaambia mbegu haioti penye ukavu. Walicheka, wakaupenda, ukazunguka mtaa mzima. Nao kwa wale wazima ulikuwa kweli. Basi ukanitoka.

"Mbegu haioti penye ukavu, mwanangu. Pumzika kwanza. Ukipata nguvu utakwenda."

Nyamizi akasema, "Haya, Bibi." Mwashi akarudi kwenye karanga zake. Nikashuka ngazi nikaenda peke yangu mpaka kwa muuza mkaa, na pale kwenye kona nikatoa daftari nikaweka alama ya Nyamizi. Nukta.

Speransia nilimwambia amechoka, atakuja wiki nyingine. Wiki nyingine Speransia mwenyewe alisafiri kwenda semina. Halafu ukaja mwezi wa kufunga. Mambo ya watu yalikuwa mengi, nami nikamwacha Nyamizi apumzike, kama nilivyomwambia.

Tumbo lilipoanza kukua, nyumba nzima ilisema ni maji. Miguu maji, uso maji, tumbo nalo maji. Hata yeye alisema hivyo. Aliyegundua ni Speransia, alipomkuta kliniki ya presha akampapasa, kisha akampapasa tena. Alikuwa na miezi mitano, na miezi mitano yote hiyo amemeza dawa ile ya presha isiyofaa kwa mimba.

Sitawaandikia kila siku ya wiki zile. Walimbadilishia dawa. Madaktari walisema naye na Rashidi, mlango umefungwa. Figo zikaishia njiani. Akapelekwa kwa treni mji mwingine kwenye mashine ya kusafisha damu, Rashidi na Mwashi wakaenda naye. Nilikwenda stesheni. Alikuwa amelazwa kwenye benchi, akaniona, akatoa mkono. Nikasema tu, "Nyamizi." Akasema, "Bibi, nikirudi nitakusindikiza." Mtoto alitoka kabla ya wakati wake, wa kiume, hakulia. Siku tisa baadaye Nyamizi akamfuata. Wakamrudisha Ntalikwa, akazikwa kwa wazazi wake, karibu na shamba alilolima akiwa msichana.

Arobaini ilipopita, Rashidi alikuja kwangu. Alileta kigoda cha mninga, akakiweka ukumbini, hakusema ni cha nini. Nikampa chai. Hakuinywa.

"Bibi, shikamoo tena."

"Marahaba, baba."

"Nataka kukuuliza jambo, si kwa ubaya. Ile mipira nilikuwa natumia. Nesi alinipa, nikatumia, sikuona aibu. Siku moja mwenzangu, mama Hadija, akaniambia acha. Akasema Mpagazi ameniambia hakuna haja tena, nipumzike. Nami nikashukuru, Bibi. Nilifurahi kwamba kuna kitu kimoja angalau ambacho hatuhitaji kukiogopa." Akaizungusha kofia yake. "Ulimwambia hivyo?"

"Nilimwambia apumzike," nikasema.

"Ndivyo alivyosema." Akaivaa kofia. "Basi hakunidanganya." Akaaga akaenda. Kigoda ninacho. Nimekalia hicho kuandika haya.

Kesho yake nilikwenda kwa Speransia, nikavua viatu nje, nikamwambia yote, na msemo wangu nikamwambia. Nilitaka anigombeze. Alinawa mikono kwanza, akakausha.

"Bibi, wewe ni mtoto wa mjini. Kwetu Ulyankulu mvua ikichelewa hatungoji. Tunapanda kwenye vumbi. Ardhi kavu kabisa, unafukia mbegu, unaondoka. Mvua ya kwanza inaikuta mbegu iko tayari." Akaketi. "Mwanamke naye ni hivyo. Yai linatoka kabla ya damu, si baada yake. Mwenye figo siku zake zinapotea miezi, hata mwaka, halafu yai moja linatoka bila kubisha hodi. Kukosa siku si kukoma. Angeniuliza mimi ningempima mkojo kwanza, halafu ningemwekea kijiti siku hiyo hiyo."

"Aliniuliza mimi," nikasema.

"Ndiyo. Aliniambia wewe ndiye unayejua."

Nilitaka kurudisha mkoba. Alikataa kuupokea. Alisema akiupokea nitakaa nyumbani na Nyamizi peke yake, heri nitembee naye. Basi nilitembea naye miaka iliyobaki. Kwenye kadi ile ya picha nilichora kwa kalamu, chini ya moyo, maharage mawili, ndizo figo. Mtaiona kadi mkobani, mnaicheka najua, hayafanani hata na maharage. Ila nimeigusa picha ile mbele ya wanawake wengi, njiani, na wapo walionyamaza. Walionyamaza niliwapeleka. Mmoja, Asha wa fundi cherehani, ana kijiti chake na mtoto wake mmoja na bado anashona. Simtaji kujisafisha. Namtaja kwa sababu ni jina nami nalikumbuka.

Mnaoanza sasa, mna simu zenye maswali yote ndani, na figo mnazo humo, nimeonyeshwa. Ni vizuri. Lakini msimuulize mtu swali la simu mbele ya mkwe wake. Na mwenye figo akisema siku zimepotea, msimpe msemo. Mpelekeni apimwe kama ana mimba, na njia yake aliyochaguliwa na daktari aipate, achoke asichoke. Na mtu akiomba kuwasindikiza, hata akitambaa, mwacheni awasindikize. Tembeeni polepole.

Limebaki moja. Bi Tatu amefariki, Nyamizi amefariki. Kati ya wale wanne tumebaki mimi na Mwashi, ambaye ameolewa Usoke kwa mkulima wa tumbaku, na nasikia ana watoto watatu. Mwashi, wewe uliacha kumenya karanga ukanitazama. Ulisikia. Mimi kumbukumbu yangu watu wanaisifu, majina ya mtaa mzima ninayo, lakini maneno ya siku ile nimeyarudia mno mpaka sijui kama ndiyo yale yale. Huenda nilisema apumzike mpaka Alhamisi. Huenda nilisema amuulize Speransia, na yeye hakusikia. Nukta ile daftarini ni ndogo, huenda ni kalamu ilidondoka tu.

Kama nimekosea kukumbuka, njoo unisahihishe. Na kama sikukosea, njoo vilevile. Ukiondoka nitakusindikiza mpaka stesheni.